Chi-chi-chi chini ya sakafu: siku nane na fowili kuukuu

Siku ya kwanza, kilomita 212

Tuliondoka alfajiri, mimi na mdogo wangu, gari likiwa limepakiwa hadi usawa wa madirisha. Gari lenyewe lilitoka kiwandani kabla yeye hajazaliwa: fowili, yaani gari linaloweza kuvutwa na magurudumu yote manne, la mtindo wa zamani, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani, giaboksi ya gia tano, transfa (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma) yenye rungu lake pembeni, na habu za mbele, vile vitovu vya magurudumu, ambazo ni lazima ushuke uzifunge kwa mkono. Hakuna taa kwenye dashibodi itakayokuambia linaumwa wapi. Lina sauti tu, na mimi nimeisikiliza miaka kumi na mmoja.

Siku mbili kabla ya safari nililala chini yake na bomba la grisi, nikapitia nipeli, vile vichuchu vya kuingizia grisi, moja baada ya nyingine. Kwenye krosi za propela, yaani viungo vinavyokunjika vya ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli, nilisukuma mpaka grisi mpya ikachungulia kwenye sili, vile vizuizi vya grisi, nikafuta, nikaenda kunawa. Naliandika hili hapa mwanzoni kwa sababu litarudi.

Kwenye kilomita ya 140 hivi lami iliisha. Tukaingia changarawe, nikashuka hadi gia ya pili, vioo vikiwa wazi. Ndipo tulipoisikia: chi, chi, chi, chi, nyembamba na kavu, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Nikiongeza mwendo inaharakisha, nikipunguza inachelewa, na tukifika kilomita 30 kwa saa inamezwa na kelele za matairi.

"Kaka, redio umeiacha wazi?" mdogo wangu akauliza.

Redio ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Jioni nikafanya jaribio lisilohitaji hata spana. Gari likiwa limesimama nilikanyaga mafuta, nikaachia, nikakanyaga tena: kimya. Kisha mahali tambarare nikaendesha polepole, nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaliacha gari litembee lenyewe huku injini ikiunguruma taratibu. Chi, chi, chi. Iko palepale, wala haikujali kwamba gia imetoka. Basi injini haimo, klachi haimo. Sauti inatoka kwenye kitu kinachozunguka kwa sababu magurudumu yanazunguka.

Nusu ya gari ikafutika kwa dakika mbili. Nililala vizuri kuliko nilivyotarajia.

Siku ya pili, kilomita 188

Leo limezuka la pili. Kwenye kipande kirefu cha lami, mwendo wa 70, niliachia mafuta kabla ya mteremko na sakafu ikaanza kuvuma. Siwezi kusema ni sauti hasa. Unaupata kwenye kiti na kwenye meno kabla haujafika masikioni. Nikikanyaga mafuta unatulia, nikiachia unarudi. Chini ya 60 haupo kabisa.

Kwa hiyo sasa kuna mlio mwembamba wa mwendo wa polepole na uvumi mzito wa mwendo wa kasi. Hapa ndipo watu wengi humaliza fedha zao: huona magonjwa mawili, wakanunua vipuri vya yote mawili, na gari likaendelea kulia. Niliamua kuyachukulia kuwa ugonjwa mmoja mpaka yathibitishe vinginevyo.

Mchana tulipopumzika tulikutana na fundi. Akapanda nasi, akasikiliza kilomita mbili, akasema bila kusita: "Beringi ya gurudumu la mbele, kulia. Tufungue."

Ni mtu mzima, mikono yake ilishika spana kabla mimi sijajua kutembea. Sikutaka kumvunjia heshima. Lakini beringi ya gurudumu ina tabia zake, na tabia hizo zinapimika.

"Mzee, naomba tuijaribu kwanza kabla hatujaifungua," nikamwambia. Akakubali.

Tukainua gari kwa jeki, tukaweka stendi chini ya ekseli. Nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa kwa nguvu, halikucheza. Nikalizungusha kwa mkono mmoja, kiganja cha mkono mwingine nikikiweka juu ya springi, maana beringi iliyochakaa hukwaruza na ule mkwaruzo husafiri kwenye chuma hadi kiganjani. Palikuwa laini. Kisha, mahali peupe pasipo na gari jingine, nikayumbisha usukani kushoto na kulia kwa mwendo uleule wa 70. Ukikata kushoto, uzito unaangukia magurudumu ya kulia, na beringi mbovu ya kulia huongeza kilio; ukikata kulia inapata nafuu. Ya kwetu haikubadilika hata kidogo. Zaidi ya hayo, beringi ya gurudumu haitambui kama umekanyaga mafuta au umeachia, kwa kuwa mzigo inaoubeba ni uleule. Uvumi wetu ulikuwa unatambua.

Mwishowe nikapitisha mgongo wa mkono karibu na habu zote nne. Joto lililingana.

Fundi alitikisa kichwa. Hakuridhika, lakini wakati wa kuagana aliniachia neno nililolibeba safari nzima: "Usiliamini sikio lako ukiwa umekaa kwenye kiti. Kiti kiko juu ya transfa. Kitu kikilia mkiani utaapa ni transfa."

Siku ya tatu, kilomita 164

Asubuhi nilianza na nusu ya mbele. Habu za kufunga kwa mkono ni zawadi kubwa kwa mtu anayetafuta sauti. Zikiwa zimefunguliwa na transfa iko kwenye magurudumu mawili, ekseli ya mbele, difu ya mbele (lile sanduku la gia katikati ya ekseli) na propela ya mbele vyote vinasimama tuli; magurudumu yanazunguka peke yake. Ukizifunga, vyote vinaanza kuzungushwa. Kwa hiyo niliendesha mita mia tano habu zikiwa wazi, nikashuka, nikazifunga, nikarudia kipande kilekile. Mlio ulikuwa uleule pande zote mbili. Nusu ya mbele nayo ikafutika, nikazifungua tena.

Matairi sikuyapa muda mwingi. Sauti ya tairi hubadilika ukitoka lami kuingia changarawe, hii haikubadilika.

Nikafungua kizibo cha juu cha difu ya nyuma, nikaingiza kidole kidogo. Oili ilikuwa imefika ukingoni mwa tundu, inavyotakiwa. Nikaisugua kati ya kidole na gumba: nyeusi kiasi, lakini laini, bila chembechembe. Ingekuwa na vipande vinavyong'aa na kuchoma ngozi, safari ingeishia hapo. Hata hivyo difu sikuiachia huru, kwa sababu uvumi unaokuja ukiachia mafuta na kutoweka ukikanyaga ni tabia inayojulikana ya beringi za pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, na meno yaliyochakaa. Siku nzima niliendesha nikiwa na difu kichwani, nikipiga hesabu ya namna ya kupata nyingine.

Saa tisa alasiri tulifika kwenye mto. Maji yalikuwa yanafika kwenye habu, chini kuna mawe madogo, mkondo mdogo. Mdogo wangu alitangulia kwa miguu na fimbo. Tukasubiri kwanza gari lipoe, maana difu yenye moto ikitumbukizwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Tukavuka kwa gia ya kwanza, fowili ya chini, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi.

Ng'ambo nikafungua habu, tukaondoka taratibu. Tulikuwa tumekwenda kama kilomita mbili mdogo wangu akaniambia, "Kaka, sikiliza."

Hakukuwa na kitu. Kimya. Gia ya pili, vioo wazi, changarawe tu chini ya matairi.

Tulikwenda hivyo karibu nusu saa. Kisha chi moja. Halafu mbili. Kisha kifaranga chote kikarudi kama kilivyokuwa.

Nilisimamisha gari nikakaa nalifikiria. Maji yameinyamazisha. Beringi ya pinioni imo ndani ya difu, nyuma ya sili, inaogelea kwenye oili. Maji ya mto hayaigusi, na kama yangeigusa yasingeiponya. Kilichonyamaza ni chuma kikavu kilicho nje, kinachosuguana na chuma kingine bila kilainishi, na kwa nusu saa maji yakawa ndiyo grisi yake.

Siku ya nne, kilomita 31

Leo hatukwenda mbali na sijutii. Hii ndiyo siku niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Propela na gurudumu havizunguki kwa kasi moja. Difu yangu ina meno 37 kwenye krauni, ile gia kubwa inayozungusha ekseli, na 9 kwenye pinioni. Gawanya, unapata 4.11. Gurudumu likizunguka mara moja, propela imezunguka mara nne na ushee. Kwa hiyo ukijua mlio unakuja mara ngapi kwa kila mzunguko wa gurudumu, unajua unatoka upande gani wa difu. Mara moja: tafuta kwenye gurudumu, breki, ekseli au krauni. Mara nne na kidogo: tafuta kwenye propela, pinioni au kwenye shafti inayotoka transfa. Sikio linaweza kudanganywa na chuma kinachopitisha sauti, lakini hesabu haijali sauti imepita wapi.

Tulipata mteremko mdogo, ulionyooka, usio na gari. Nikapiga mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma la kushoto. Tukakubaliana hivi: mimi nakaa kwenye usukani, injini ikiwaka ili breki ziwe na nguvu, gia imetolewa, gari linateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Yeye anatembea pembeni, hatua mbili mbali na gurudumu, na kila mstari wa chaki unapogusa ardhi anapiga bodi kofi moja. Mimi nahesabu milio. Kofi la kwanza ndilo sifuri. Kofi la kumi na moja linafunga mizunguko kumi, kama mita 24 za barabara.

Mara ya kwanza nilipata 39, na nilijua nimepotea katikati. Tukalirudisha gari juu. Mara ya pili: 41. Tukalirudisha tena. Mara ya tatu: 41.

Mizunguko kumi kwa 4.11 ni 41.1.

Nilishuka nikamwonyesha mdogo wangu nilivyoandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Akaangalia, akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe gari lenyewe linahesabu!" Ndivyo hasa. Na kwa kuwa habu za mbele zilikuwa wazi, propela ya mbele ilikuwa imesimama. Ilibaki shafti moja, ya nyuma, na vitu vilivyoshikana nayo.

Hata uvumi wa lami uliingia kwenye hesabu hiyo. Tairi langu huenda mita 2.4 kwa mzunguko. Kwa kilomita 70 kwa saa gurudumu linazunguka mara 8 kwa sekunde, na propela mara 33. Mtikisiko wa mara 33 kwa sekunde sikio huusikia kwa shida. Mwili huupata kabisa. Ndiyo maana niliusikia kwenye kiti.

Tukaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yote, nikaingia chini nikiwa na tochi. Nilishika propela nikaisukuma juu, chini, pembeni. Hakuna mchezo. Nakiri hapo moyo ulishuka kidogo, maana krosi iliyokwisha watu huijua kwa kucheza. Kisha nikasogeza tochi hadi krosi ya nyuma, ile inayoshikana na difu, nikafuta tope kwa kidole.

Krosi ina miguu minne kama alama ya kujumlisha, na kila mguu umevaa kikombe chake. Vikombe vitatu vilikuwa na ukosi wa grisi nyeusi yenye unyevu. Cha nne kilikuwa kimezungukwa na unga mwekundu, laini kama poda, unaopeperuka ukiupulizia. Ni kutu iliyosagwa na sindano za ndani, vile vijiti vyembamba vya beringi, zinazozunguka kavu, mpaka ikasukumwa nje kupitia sili. Kabla ya safari grisi niliyoiona ikichungulia ilichungulia kwenye vikombe vitatu. Cha nne siku ile kilikuwa kimeelekea juu, upande nisiouona, na mimi sikuizungusha shafti ili nikitazame. Njia yake ya grisi ndani ya krosi ilikuwa imeziba. Krosi kavu namna hii inaweza kukaza badala ya kucheza, na ndiyo sababu mkono wangu haukuipata.

Siku ya tano, kilomita 87

Nina krosi mbili mpya kwenye sanduku la vipuri, nilizipima kwa kalipa siku niliyozinunua: kipenyo cha kikombe, na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Nusu milimita ikizidi, haiingii. Nilidhani basi kazi ni ya saa moja.

Propela yangu imefungwa kwa flanji, yaani sahani za boliti, pande zote mbili, boliti nne kila upande, kwa hiyo hutoka bila kumwaga oili. Zipo ambazo mbele huingia ndani ya mkia wa transfa, na hizo ukizivuta oili inafuata. Kabla ya kulegeza kitu nilichora mistari ya chaki: flanji na flanji, na pale vipande viwili vya shafti vinapoungana kwenye splaini ya kuteleza, yaani meno marefu yanayoingiliana.

Ikiwa mkononi, ugonjwa ulijitaja wenyewe. Krosi ya mbele niliikunja huku na huku, ikatii kama bawaba iliyotiwa mafuta. Ya nyuma, upande mmoja ilikunjika vizuri. Upande wa pili ilikaza, ikaruka, ikakaza tena, kana kwamba ndani kuna vijisahani vya kukwama. Nikazungusha flanji ya difu kwa mkono: laini, haivuti wala haisukumi. Nikaiomba radhi difu kimoyomoyo.

Lakini klipu mbili zinazoshikilia vikombe zilikuwa zimekamatwa na kutu. Nilijaribu kwa koleo na patasi nyembamba hadi jasho likanizuia kuona. Bila jiliwa ningeishia kuipinda panda ya shafti, na panda ikipinda hakuna krosi itakayokaa sawa. Nikaacha.

Tukafunga propela juu ya paa, tukaendesha kwa magurudumu ya mbele. Transfa ya aina hii ukiiweka fowili huunganisha shafti ya mbele na ya nyuma moja kwa moja. Nguvu ikikosa njia nyuma, inakwenda yote mbele. Nilifunga habu, nikaweka fowili ya juu, na gari likaondoka. Kwa kawaida fowili ya aina hii haiendeshwi kwenye lami kavu kwa sababu mbele na nyuma hushindana hadi kitu kivunjike, lakini nyuma pakiwa hapana shafti hakuna cha kushindana. Bado nilikwenda 40 tu, bila kukanyaga ghafla, maana jointi za ekseli ya mbele hazikuumbwa kubeba kila kitu peke yake.

Jambo moja lilitaka kunitia hatarini, na mwenye gari kama langu alijue. Hendibreki yake haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya transfa. Propela ya nyuma ikitoka na transfa ikirudishwa magurudumu mawili, hendibreki haishiki chochote, na hata ukiliacha kwenye gia litatembea. Kila tuliposimama, mdogo wangu alishuka na magogo kabla sijaachia breki.

Kilomita zote 87 hakukuwa na chi hata moja.

Siku ya sita, kilomita 0

Tulipata jiliwa nzito, imefungwa kwenye meza, na mwenyewe akaturuhusu kuitumia siku nzima.

Klipu zilitoka baada ya kulowa mafuta mepesi usiku kucha na kugongwa taratibu katikati ya kikombe, ili kirudi ndani nywele moja na kuiachia. Kisha unaweka soketi ndogo upande mmoja, inayosukuma kikombe, na soketi kubwa upande wa pili, inayokipokea, na kuikaza jiliwa polepole. Kikombe cha nne kilitoka kwa mlio wa kukwaruza. Nilikigeuza juu ya kitambaa cheupe. Ndani zilitakiwa kuwemo sindano zimejipanga kama vijiti vya uzio. Ulimwagika unga wa rangi ya matofali, na katikati yake vipande vifupi vya sindano, vimekatika, vingine vimekuwa bapa. Mguu wa krosi uliokuwa umevaa kikombe hicho ulikuwa na mistari iliyochimbika, sambamba, unaweza kuipitishia ukucha na kuihesabu. Miguu mingine mitatu ilikuwa inang'aa.

Krosi mpya inaingia kwa mkono mwepesi au haiingii kabisa. Kikombe cha pili kilinigomea: kiliingia karibu chote kikabakiza kama milimita mbili, klipu haikupata mfereji wake. Mdogo wangu akataka kukaza jiliwa zaidi. Nikamzuia. Nilikitoa, na sindano moja ilikuwa imelala chali chini ya kikombe, imeukinga mguu. Ningekaza, ningepasua kikombe. Nikaisimamisha kwa ncha ya bisibisi na grisi nzito, nikarudisha, na safari hii kiliingia, klipu ikalia tik.

Kwa kuwa shafti ilikuwa mezani nikatenganisha vile vipande viwili vyake, nikafuta splaini kwa kitambaa chenye dizeli, nikaipaka grisi, nikaunganisha.

Siku ya saba, kilomita 240

Nilikuwa na uhakika. Kilomita kumi za mwanzo zilikuwa kimya kitupu, kisha tukafika 50 na gari likaanza kutetemeka kuliko lilivyowahi. Safari hii halikujali kama nimekanyaga au nimeachia. Vikombe vilivyokuwa kwenye dashibodi viligongana.

Mdogo wangu alinitazama bila kusema. Nikapunguza, nikasimama, nikaingia chini.

Boliti zote zimekaza. Krosi zote mbili zinakunjika. Nikalala pale nikiitazama propela kwa urefu wake, kutoka nyuma kwenda mbele, na hatimaye nikaona. Masikio ya panda ya nyuma yalikuwa yamesimama wima. Ya panda ya mbele yalikuwa yameinama kidogo, kama saa iliyopitiliza dakika chache.

Krosi ikifanya kazi imekunjwa, haipitishi mzunguko kwa usawa: kwa kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kosa hilo, kwa sharti kwamba panda mbili za shafti ziko kwenye mstari mmoja. Ukikosea meno ya splaini, badala ya kufutana zinabaki na mabaki, na mabaki hayo yanatikisa gari zima. Chaki yangu niliifuta mwenyewe jana kwa kile kitambaa cha dizeli, nikaunganisha kwa macho.

Tukaweka magogo, tukaitoa. Nilipoisugua shafti kwa brashi ya waya ili nipige alama mpya, chini ya rangi na tope la miaka mingi palijitokeza mshale mdogo uliogongwa kwenye chuma. Nikasugua upande wa pili wa splaini. Mshale mwingine. Vilikuwepo tangu kiwandani, vinatakiwa kuelekeana. Nikavielekeza, nikagonga nukta mbili kwa patasi pembeni ya kila mmoja, ili hata nikipaka rangi tena zipapasike kwa kidole.

Tukaondoka. 50, 60, 70. Niliachia mafuta juu ya mteremko ule mrefu na gari likateremka likiwa limetulia, upepo tu kwenye vioo. Mdogo wangu alikuwa ameshalala.

Siku ya nane, kilomita 118

Asubuhi kabla ya kuondoka nililala tena chini yake na bomba la grisi. Krosi ya nyuma, pampu tatu za taratibu. Nikatazama vikombe viwili vya chini, nikatoka, nikamwomba mdogo wangu alisukume gari nusu hatua ili shafti igeuke, tukarudisha magogo, nikaingia tena na tochi nikatazama viwili vilivyobaki. Kila sili ilikuwa na pete nyembamba ya grisi mpya.

"Ngapi?" akauliza kutoka nje.

"Nne," nikamjibu.